Malalamiko ya Mwanagenzi wa Kudumu Dhidi ya Mtambo Uliokalia Kiti Chake

Chumba cha uani,
Nyumba ya dada yangu (mama yako).
Jumatano.

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Kufundishia Programu,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro.

YAH: KUPOKONYWA KAZI YA KUTOJUA NA MTAMBO UNAOJUA

Ndugu Mkurugenzi, ambaye pia ni mpwa wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mezani kwako ofisini na si mezani kwetu nyumbani. Nitaiacha mapokezi kwa makusudi, ingawa vyumba vyetu vinatazamana na ningeweza kuipenyeza chini ya mlango wako, kwa sababu jambo lenyewe ni la kikazi. Naomba pia tusiliguse wakati wa chakula. Mama yako ameshasema mara mbili kwamba akisikia tena neno "kusakinisha" huku ameshika kijiko atahamia kwa jirani, na wewe unamjua, hatanii.

Kwa manufaa ya wale watakaolisoma jalada hili baada yetu, nieleze kwanza mimi ni nani. Nilifundisha jiografia kwa miaka thelathini na nne, nikastaafu, na kwa miezi kumi na minne iliyofuata nilikaa kwenye kochi nikimweleza mama yako mikondo ya upepo. Siku moja alikuvuta jikoni akakwambia, nami nikasikia kwa kuwa ukuta ni mwembamba, "Mtafutie mjomba wako kitu cha kufanya, la sivyo mimi nitajua cha kumfanya." Wiki iliyofuata nikapata kazi kwenu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kituo kinafundisha watu ambao hawajawahi kuandika programu hata mstari mmoja. Kabla mtu hajaandika mstari huo anahitaji kihariri, yaani ule ukurasa wa kompyuta ambamo programu huandikwa, na kihariri nacho lazima kiwekwe sawa: lugha ya programu isakinishwe ndani ya kompyuta, kihariri kionyeshwe lugha hiyo iko wapi, herufi zipewe rangi zake, kitufe cha kuendesha programu kionekane. Ili kumpunguzia mwanagenzi mzigo huo, mmetengeneza chombo kinachofanya yote kwa mpigo mmoja, nanyi mnakiita Kiandalizi. Kila mnapokirekebisha Kiandalizi, lazima mtu asiyejua kitu aketi akijaribu, ili muone atakwama wapi. Mtu huyo nilikuwa mimi. Barua yangu ya ajira, ambayo ninayo hapa pembeni, inanitaja kwa cheo cha Mwanagenzi wa Kudumu, na chini yake kuna sahihi yako.

Watu hudhani kutojua ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Kwa miaka mitatu, kila Jumatatu saa mbili asubuhi, niliketi kwenye kile kiti chenye mguu uliofungwa waya, nikafungua Kiandalizi kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza duniani. Maana yake ni kwamba kati ya Jumatatu na Jumatatu ilinibidi nisahau, na kusahau kwa kukusudia kunachosha kuliko kukariri. Nilipita mbele ya darasa lenu nimegeuzia uso ukutani. Fundi wako wa majaribio alipoanza kueleza jambo lolote karibu nami, niliimba kwa ndani. Ijumaa nilisoma takwimu za mvua ili zisukume nje chochote kilichobaki kichwani. Mara moja tu nilijikuta najua kitu bila kukusudia, nacho ni njia ya mkato ya kuhifadhi faili, na nilikuja kukuungamia siku hiyo hiyo. Ulicheka ukasema, "Mjomba, hiyo haidhuru." Wewe haikukudhuru. Mimi nilikosa raha wiki nzima.

Sasa nije kwenye kisa. Jumatatu ya wiki iliyopita nilifika saa mbili kamili nikakuta juu ya kiti changu pamewekwa kisanduku cheusi chenye feni, na juu ya meza yangu skrini inayomwaga mistari ya maandishi bila kuvuta pumzi. Sikugusa kitu. Nilisimama na mfuko wangu mkononi mpaka alipoingia huyo fundi wako wa majaribio, ambaye mimi humwita Bwana Kijani kwa sababu jaribio likifaulu skrini huwa kijani, likishindwa huwa nyekundu, naye hutembea ofisini akitangaza kijani kama mtu anayetangaza watoto wake. Kwa heshima ambayo sina lawama nayo, aliniambia, "Mzee wangu, mambo yamekuwa mepesi. Sasa majaribio yanajiendesha yenyewe. Tukibadilisha herufi moja tu ya Kiandalizi, mtambo unajifanya mwanagenzi, unasakinisha, unafungua kihariri, unaandika programu ya kwanza, unaiendesha, unatuletea ripoti. Dakika nne, tena mengi kwa pamoja." Nikamuuliza kwa siku ni mara ngapi. "Ijumaa peke yake, mia tatu na kumi na mbili. Zote kijani." Nikamuuliza, na mimi je? "Wewe pumzika, Mzee wangu. Umetufaa sana."

Umri wangu unanitosha kujua neno "pumzika" linapoelekezwa kwa mtu wa umri huo lina maana gani. Unga wangu ulikuwa umemwagwa, tena na kisanduku. Tangu siku hiyo nimekuja ofisini kila asubuhi na kusimama mlangoni nikiutazama mtambo huo ukifanya kazi yangu, na wewe umenipita mara kadhaa ukaniamkia bila kuniuliza nimesimama kwa nini. Kwa kuwa hukuuliza, naeleza kwa maandishi. Nimeyapanga malalamiko kwa namba ili uweze kuyajibu moja baada ya jingine.

1. Mtambo unaamini watu ovyo. Utakumbuka kwamba katikati ya kazi, kihariri hutoa swali: Je, unawaamini walioandika folda hii? Chini yake kuna vitufe viwili, Naamini na Siamini. Mara ya kwanza nilipolikuta swali hilo nilisimamisha kazi, kwa sababu sikuwajua. Niliulizia majina, nikaambiwa ni watu wanne, mmoja ameshaacha kazi. Nilitaka kujua aliacha kwa amani au kwa ugomvi. Wawili niliwahoji kwenye korido, na mmoja wao, alipobanwa, alikiri kwamba ndiye aliyekula mkate wangu kwenye jokofu la ofisi. Nikarudi nikabonyeza Siamini. Kihariri kikagoma kufanya nusu ya kazi zake, na Kiandalizi, ambacho hakikujua habari za mgomo huo, kikaandika kwa furaha kwamba kila kitu kiko tayari. Hilo lilikuwa kosa kubwa ambalo hamkuwahi kuliona, na mliliandika kwenye daftari la makosa, nami nikaonyeshwa ukurasa. Mtambo je? Unabonyeza Naamini kabla mtu hajapepesa jicho. Nilimuuliza Bwana Kijani umewaamini kwa ushahidi gani, akanijibu, "Mzee wangu, nimeuandikia uamini." Hiyo ni amri, mpwa wangu, wala haina uhusiano wowote na imani.

2. Mtambo unapewa kompyuta isiyo na maisha. Nimeelezwa kwamba kila jaribio linapoanza, hutengenezwa kompyuta mpya ndani ya ile kubwa, haina hata faili moja, na mwenye kompyuta hiyo anaitwa mtumiaji. Dakika nne baadaye kompyuta hutupwa na mtumiaji huenda nayo. Mimi ningependa kuonyeshwa mtu wa namna hiyo mtaani. Mfano halisi ni yule fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, aliyejiandikisha kwenu kwa sababu anataka programu itakayompigia hesabu ya kitambaa cha sare za shule, badala ya kukadiria kwa mkono na kubakiwa na vipande visivyotosha hata kola. Kompyuta yake imepita kwa wenyewe wawili kabla yake. Ina picha za harusi tatu, ina mchezo wa mpira wa kaka yake, ina vizuia virusi viwili vinavyopigana vyenyewe kwa vyenyewe, na nafasi iliyobaki haitoshi kuweka wimbo. Kazi zake zote ziko kwenye folda aliyoiita Mishono Inayong'ara. Kiandalizi kilipofika kwenye kile kialama kilicho kati ya g na a, kilidhani sentensi imekwisha, kikasimama hapo hapo kama abiria aliyeshuka kituo sicho. Nimeuliza kwa nini mtambo haukuliona kosa hili katika majaribio yote hayo, na jibu ni rahisi. Mtumiaji wa mtambo hafugi ng'ombe, hajawahi kwenda ng'ambo, wala hajang'oa jino.

3. Mtambo hauna ndugu. Bwana Kijani anasema mtambo ukikwama unasoma maelekezo. Hakuna mwanagenzi anayesoma maelekezo. Mwanagenzi akikwama humpigia simu shemeji. Fundi cherehani alinisimulia mwenyewe, nilipopita dukani kwake kupandisha pindo la suruali, kwamba Jumapili kabla ya darasa alijaribu nyumbani, akakwama, akampigia shemeji yake ambaye ni mlinzi kwenye kampuni yenye kompyuta nyingi. Shemeji hakusubiri amalize kueleza. "Hiyo virusi, shemeji. Futa kila usichokijua." Akafuta, ikiwa ni pamoja na lugha ya programu yenyewe, kwa sababu ndiyo aliyoijua kidogo kuliko zote. "Umezima ukawasha?" Akamjibu, nimezima, shemeji. "Basi usiwashe tena mpaka nije." Hajaja mpaka leo. Nimependekeza kwa Bwana Kijani kwamba kila jaribio lipewe shemeji angalau mmoja. Akaniuliza shemeji anaandikwaje kwenye programu. Nilimwambia si vigumu: anajibu kabla ya kuulizwa, ana hakika na kila kitu, na baada ya hapo hapatikani. Aliandika kwenye karatasi. Sijui kama alikuwa ananitania.

4. Mtambo hauna subira. Ule mstari unaoonyesha kazi imefikia wapi hupenda kusimama kwenye tisini na tisa. Mtu mzima mwenye adabu, ukisimama hapo, huinuka akanyoosha miguu, akarudi, akageuza skrini kidogo pembeni ili usijione unaangaliwa. Mimi nimewahi kukaa nao dakika hamsini bila kuusemesha. Mtambo husubiri sekunde thelathini, kisha huandika "muda umekwisha" na kuondoka zake.

5. Lalamiko hili lilihusu sauti ya feni ya kisanduku na lilikuwa na maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyaandika. Nimeliondoa. Namba nimeiacha ili hesabu isivurugike.

6. Mtambo una uso mkavu. Nisingechukua kalamu kama si hili, kwa hiyo nakuomba ulisome ukiwa umekaa.

Mtambo ukishindwa huandika wekundu, na dakika hiyo hiyo huanza upya kama vile hakuna aliyeona. Jumatatu ile ile niliyokikuta kisanduku kwenye kiti changu, fundi cherehani alikuja darasani kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimesimama koridoni na mfuko wangu, nikamwona vizuri. Alikaa meza ya mwisho kando ya dirisha. Kompyuta yake alikuwa ameishonea mfuko mwenyewe, wenye vifungo. Akaifungua, akaanzisha Kiandalizi, kikakwama. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Hakuna aliyemcheka, kila mtu alikuwa na lake, lakini alitazama kulia na kushoto kuona nani ameona. Kisha akakishusha kifuniko polepole, akarudisha kompyuta mfukoni, akafunga vifungo vyote vinne, akamwambia mwalimu, "Samahani, nimekumbuka kuna mteja ananisubiri. Nitarudi Jumatano."

Sauti ile naijua. Nimeisikia miaka thelathini na nne kutoka dawati la nyuma, na mwenye sauti ile harudi Jumatano. Hakurudi. Na wakati anashuka ngazi, mpwa wangu, ile skrini ya ukutani inayoonyesha matokeo ya mtambo ilikuwa inawaka kijani. Nilihesabu kijani sita kabla hajafika mlango wa duka la magodoro.

Katika miaka yangu mitatu nilikwama mimi kwanza. Kazi mliyonipa, hata kama hamkuiandika hivyo kwenye barua, ilikuwa kuaibika kwa niaba ya wengine, mapema, kwa mkataba. Mtu wa umri wangu ana akiba ya heshima, anaweza kuipoteza kidogo kila Jumatatu na bado akabaki nayo ya kutosha kuzikwa. Fundi cherehani ana akiba ndogo. Ana wanafunzi wawili wa ushonaji wanaomwita Mwalimu, na hawezi kurudi dukani akiwa ameshindwa kuwasha kitu ambacho shemeji yake anasema watoto wanakiwasha.

7. Mtambo haujawahi kutahiniwa. Mimi niliajiriwa baada ya usaili ambapo ulinionyesha kihariri ukaniuliza naona nini, nikasema naona chumba cheupe, ukaandika "anafaa sana". Mtambo haukuulizwa kitu. Kwa hiyo jana nilitunga mtihani wa maswali arobaini, na Bwana Kijani, kwa kunipendeza, akayaingiza moja moja. Swali la kwanza: folda ni nini? Mtambo ukatengeneza folda. Swali la pili: unaogopa nini? Ukajibu, "amri haitambuliki." Swali la tisa: eleza kwa maneno yako mwenyewe kilichokupata mara ya mwisho ulipobonyeza kitu usichokijua. Amri haitambuliki. Mwisho wa kusahihisha, mtambo ulipata alama nne kati ya arobaini katika somo la kutojua. Mimi, kwa mtihani huo huo, nilipata thelathini na nane. Kwa ajili ya uwazi naeleza kwamba mtungaji, msimamizi na msahihishaji alikuwa ni mimi.

Baada ya maelezo hayo, naomba yafuatayo.

Kwanza nirudishiwe kiti. Kama mtambo ni lazima ubaki, ubaki chini yangu kwa cheo cha Mwanagenzi Msaidizi, kwa muda wa matazamio wa miezi sita, na uwekwe sakafuni. Upewe kompyuta iliyokwisha tumika, folda yenye kialama, shemeji, na siku moja katika wiki ambayo uahidi kuja usije.

Hata hivyo nimefikiri zaidi, na naona mwanagenzi mmoja hawezi kubeba ujinga wa watu wote. Kuna wasiojua kwa woga, kuna wasiojua kwa kiburi, kuna wasiojua kwa sababu miwani wameisahau nyumbani. Itafaa basi kianzishwe kitengo kamili, Idara ya Kutojua, yenye watu wa daraja la kwanza na la pili na mimi nikiwa mkuu wake. Mtumishi yeyote wa idara atakayegundulika anajua jambo atapandishwa cheo na kuhamishiwa kwingine, kwa masikitiko. Wewe mwenyewe, kama Mkurugenzi, unajua mengi mno, na nashauri uwe unakaa nasi siku moja kila mwezi mpaka upungue. Wajumbe wa bodi sioni kama wanahitaji mafunzo. Niliwasikia kwenye kikao cha mwisho, wako tayari.

Lakini tutajuaje kwamba wasiojua kweli hawajui, na hawajitii hamnazo ili wabaki kazini? Hapo patahitajika wakaguzi, na mkaguzi asijue anachokagua, maana akijua atawaambukiza. Nina watu wawili wa kupendekeza, wote walikuwa wakaguzi wa shule. Wakaguzi nao watahitaji kupimwa kila wanapobadilika, tena mara nyingi kwa siku, bila upendeleo na bila kuchoka. Nakiri kwamba kwa kazi hiyo huenda ukahitajika mtambo.

Maombi haya yasipopata jibu ifikapo mwisho wa mwezi, sitakuwa na namna ila kuupeleka ujinga wangu kwingine. Hospitali inaweka mfumo mpya wa kusajili wagonjwa, na maktaba imefunga kabati la kadi za vitabu na kununua kompyuta za kutafutia vitabu. Wote wanamhitaji mtu kama mimi, ingawa bado hawajui, jambo ambalo linaonyesha kwamba wana msingi mzuri.

Nasubiri jibu kwa maandishi, kupitia mapokezi. Nisalimie mama wa mapokezi na umshukuru kwa stuli aliyonipa siku ya nne ya kusimama. Nisalimie walimu wote, na wale watatu waliobaki kati ya walioandika folda, yule wa mkate naye usimruke. Bwana Kijani mwambie sina kinyongo naye, anafanya kazi aliyotumwa. Mama yako anakusalimu, ingawa utakuwa umemwona mara kadhaa kabla ya kuzisoma salamu hizi.

Ni mimi, mtiifu kwa kituo na mgeni wa kila kitu kilichomo ndani yake,

Mjomba wako,
Mwanagenzi wa Kudumu (aliyeondolewa kitini bila barua).

Nakala: Mama yako, kwa taarifa tu, asijibu.

Nyongeza baada ya sahihi, Jumapili.

Nilipomaliza kusaini niliona inafaa niambatanishe ushahidi, yaani orodha ya mahali hasa mwanagenzi anapokwama. Kwa hiyo Alhamisi niliketi na kompyuta ya nyumbani ili nikwame upya, na daftari pembeni. Sikukwama. Kidole kilibonyeza Naamini kabla macho hayajafika kwenye swali. Nikafuta kila kitu nikaanza tena, safari hii nikitazama dirishani, na bado kihariri kikafunguka kwa dakika sita. Mpwa wangu, nimejaribu kushindwa mara nne, na mara zote nne nimeshindwa. Nadhani ni kule kusimama mlangoni siku zote zile nikiitazama mistari ya mtambo ikipita, maana kwa hasira nilisahau kuimba kwa ndani. Mtu akimtazama mwanagenzi wa bandia akifanya jambo lile lile mara elfu mbili, huingiwa.

Mambo hayakuishia hapo. Nilitengeneza folda ya Mishono Inayong'ara ili nione Kiandalizi kikisimama, kikasimama, nami nikaudhika, na maudhi yakanipeleka ndani ya Kiandalizi chenyewe mpaka kwenye mstari wenye makosa. Jina la folda lilikuwa halijafungwa kwa alama mbili za kunukuu, moja mbele na moja nyuma. Nikazitia. Jana asubuhi nilikwenda dukani kwa fundi cherehani na nakala hiyo, nikasimama nimeweka mikono nyuma, akasakinisha mwenyewe kwa dakika kumi na moja. Kufikia adhuhuri alikuwa na programu ya mistari saba inayojua kitambaa cha sketi ishirini. Wanafunzi wake wawili walikuwa wanatazama. Aliniuliza maswali matano na nikayajibu yote, na sasa sioni namna ya kuyarudisha majibu hayo. Amesema atakuja Jumatano, na ameisema kwa sauti nyingine.

Tena kuna hili. Malalamiko namba moja, mbili, nne na sita niliona kuyaeleza vizuri kwa Kiswahili kunachukua kurasa nyingi, nikayaandika kwa lugha yenu ya programu, yakiwa majaribio, na Ijumaa saa tano nikayaingiza kwenye mtambo kwa kutumia nenosiri lililobandikwa ukutani juu ya birika. Namba sita ni mwanagenzi anayefunga kihariri katikati ya kazi na kurudi baada ya siku kumi na mbili. Kiandalizi kinatakiwa kimpokee pale pale alipoachia, bila kumuuliza alikuwa wapi. Bado hakiwezi. Nina wazo la namna ya kukirekebisha, lakini nalo ni refu.

Kwa hiyo ule wekundu uliojaa ofisini tangu Ijumaa, uliomfanya Bwana Kijani aahirishe likizo yake na kukifungua kisanduku kwa bisibisi, umetoka kwangu. Mwambie aache kutafuta. Mtambo ni mzima. Mwanagenzi ndiye aliyeharibika.